Miadi ya Masrin Gampar

Mgonjwa aliondoka na sindano ya dripu mkononi, akaacha kandambili zake chini ya kitanda. Hayo ndiyo yaliyokuwa ya hakika. Mengine yote aliyoambiwa Inspekta Dorothea Majalap asubuhi ile, katika wodi ya wanaume ya Hospitali ya Labuk Baru, yalikuwa dhana, lawama na kelele.

"Tumemnyoa," alisema Sista Winifreda, mkuu wa wodi, mwanamke mnene mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. "Tumemzuia kula tangu jana. Tumemvalisha gauni. Kilichobaki ni kumsukuma tu mpaka chumba cha upasuaji. Na chumba chenyewe, inspekta, sisi tunakipata kwa kugombana."

"Gauni lile la wazi mgongoni?" aliuliza Koplo Jaidin.

"Lile lile."

"Basi hajafika mbali. Na kama kafika, waliomwona hawajasahau."

Dorothea hakucheka. Magoti yalikuwa yanamwuma na alikuwa amekatizwa kahawa yake. Mkuu wake, Mkuu Fabian, alikuwa amempigia simu kabla jua halijachomoza vizuri juu ya mto, amejaa furaha kama mtu aliyeokota pete. Kwa muda mrefu mjini palikuwa na uvumi kwamba kuna genge linalouza miadi ya madaktari bingwa: ukitoa chochote, mtu mwingine anaondolewa kwenye foleni, unawekwa wewe. Sasa hospitali yenyewe imepiga simu kusema mgonjwa aliyelala wodini si yule aliyeandikwa. "Hilo ndilo genge letu, Dorothea," alisema Fabian. "Vuta uzi huo."

Kwa hiyo alikuwa hapa kuvuta uzi.

Aliyegundua alikuwa Daktari Thanabalan, bingwa wa upasuaji. Walimkuta kwenye ukumbi nje ya wodi, ameegemea ukuta, kofia ya kitambaa bado kichwani.

"Maabara walinipigia," alisema. "Jana tulimtoa damu, kama tunavyomfanyia kila anayepasuliwa. Damu yake ni kundi O. Lakini Masrin Gampar aliwahi kuongezewa damu hapa hapa, zamani, alipoangukiwa na gogo. Masrin Gampar ni kundi B."

"Labda mtu kachanganya chupa."

"Ndivyo nilivyosema mimi. Tukamtoa tena. O. Nikamfuata kitandani, nikamwuliza, 'Bwana Masrin, uliwahi kuongezewa damu?' Akanitazama kama mtu aliyefumaniwa. Nikageuka kwenda kupiga simu. Niliporudi, kitanda kitupu."

"Na ugonjwa? Aliuigiza?"

"Ngiri haiigizwi, inspekta. Nimeipapasa kwa mkono wangu. Upande wa kulia, kubwa, imeshuka mpaka chini. Mtu yule anaumwa kweli."

"Lakini ulimwona Masrin mwenyewe kliniki, alipoandikiwa upasuaji. Hukuona kwamba huyu si yeye?"

Daktari alivua kofia, akajifuta uso nayo.

"Zaidi ya miaka miwili iliyopita. Siku ya kliniki ukumbi ule unajaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi. Nakumbuka ngiri. Sura sizikumbuki."

"Miaka miwili kwa ngiri?"

"Ngiri haina haraka. Kwenye karatasi haina haraka. Saratani inapita mbele yake, na ni haki. Akija aliyegongwa na lori la michikichi, siku nzima inakwenda, na wote niliowaandika siku hiyo wanarudi nyumbani na njaa yao. Tunawapa tarehe nyingine. Nayo inasogea." Alizungumza taratibu, kama mtu anayesoma kitu alichokisoma mara nyingi mno. Kisha akainua macho. "Mimi sikukuita kwa ajili ya genge. Hayo ni yenu. Mtu yule amekaa bila kula, ana hofu, anakimbia. Utumbo ukinaswa mle ndani ya ngiri, unakufa, na yeye anaufuata. Usinirudishie maiti."

Dorothea alirudi kwa Sista Winifreda. Alimkuta anabadilisha shuka za kitanda kile kile cha mtoro. Kitanda hakikuachwa kipoe.

"Kulikuwa na kitu kingine chochote juu yake? Kidogo tu."

Sista alifikiri huku akikunja pembe ya shuka. "Meno," alisema mwishowe. "Kliniki waliandika ana meno ya bandia, safu ya juu. Kabla ya dawa ya usingizi lazima yatoke, yasije yakamkaba. Nikampa kikombe, nikamwambia atie meno yake humo. Akafungua kinywa. Yote yake mwenyewe, meupe kama ya mtangazaji wa dawa ya meno."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema kliniki wamekosea. Kliniki hukosea."

"Na maabara walipoona damu wakasema wodi wamekosea. Na daktari akasema maabara wamekosea."

"Inspekta," sista akasema, bila ukali, "njoo ukae hapa zamu mbili mfululizo, halafu uniambie wewe ungesema nini."

Dorothea aliacha hapo. Aliuliza nani alimleta mgonjwa. Mkewe, sista akajibu. Mwanamke wa makamo, kilemba cha kijani, mkimya. Kitambulisho cha mumewe ndiye aliyekitoa, kwenye pochi yake. Karani alitazama kadi. Kama alitazama na uso, hakumbuki.

*

Kwenye Kitengo cha Upelelezi kila mtu alijua mtu wa kuanzia ukisikia habari za kuuza nafasi hospitalini. Mzee Liew alikuwa na kibanda cha kahawa mbele ya lango la kliniki ya mabingwa, na ilisemwa kwamba kibandani pale kuna bidhaa zaidi ya kahawa na maandazi ya kunde.

Aliwaona wakija, lakini hakuwatambua mpaka walipofika karibu kabisa.

"Ah, afande Jaidin! Na mama mkubwa mwenyewe! Kaeni. Kahawa mbili za rangi, kwa hisani."

"Tunalipa," Dorothea alisema, akajiangusha kwenye kiti cha plastiki. "Mzee Liew, unauza miadi?"

"Nauza namba," mzee akajibu pale pale, bila aibu. "Mwanangu anawahi alfajiri, anachukua vile vikaratasi vya foleni vya siku hiyo. Bibi kizee katoka mtoni, kachelewa, anamkuta wa mia mbele yake. Mimi nina namba ya mbele. Ananipa kitu kidogo. Nikamatie hilo ukitaka, mama, nimechoka hata kuchemsha maji."

"Sijaja kwa namba za asubuhi. Nimekuja kwa tarehe za upasuaji."

Mzee Liew alicheka mpaka akakohoa. Akainama, akamwonyesha Dorothea jicho lake la kulia. Mboni ilikuwa nyeupe kama punje ya wali.

"Unaona? Mtoto wa jicho. Na la pili linamfuata ndugu yake. Niko kwenye foleni ya macho tangu mjukuu wangu hajatambaa. Sasa anapanda baiskeli. Ingekuwa kuna mtu humo ndani anauza tarehe, mimi si ningekuwa mteja wake wa kwanza? Nakaa mlangoni pake!"

Jaidin alimtazama mkuu wake. Uzi wa Mkuu Fabian ulikuwa umekatikia mikononi mwao, palepale kwenye kahawa.

"Asubuhi hii," Dorothea akasema, "alitoka mwanamume na gauni la wodi."

"Hilo sikuliona vizuri, lakini nililisikia. Wasichana wa duka la dawa walipiga kelele. Alikuwa na mwanamke ambaye tangu jana ananunua chai kwangu. Sauti yake naijua. Mwanamke alivua koti lake akamfunika. Wakasimama hapa hapa kungoja gari la kwenda Ulu Pinang, mtu mwenyewe anahema kama kapanda mlima. Akamwambia, 'Polepole, shemeji, naumia.'"

Kikombe cha Dorothea kilisimama njiani.

"Alisemaje?"

"'Polepole, shemeji.'"

"Una hakika hakusema mke wangu, mama watoto, kitu kama hicho?"

"Mama, macho ndiyo mabovu. Masikio mazima."

Dorothea aliweka kikombe chini. Mtu aliyelazwa kwa jina la Masrin Gampar, aliyeletwa na mke wa Masrin Gampar, alimwita mwanamke huyo shemeji. Hiyo ilikuwa sauti ya mtu mwenye uchungu, na mwenye uchungu hapati nafasi ya kuigiza. Basi alikuwa ndugu au rafiki wa Masrin. Na kama rafiki amekilalia kitanda cha Masrin, kwa kitambulisho cha Masrin, kilichotoka kwenye pochi ya mke wa Masrin, swali halikuwa tena nani kauza nafasi.

"Jaidin, lete gari," alisema, akisimama kwa kujisukuma kwenye meza. "Tunakwenda Ulu Pinang kumtafuta Masrin."

"Yule wa uongo?"

"Wa kweli. Yuko wapi mwenyewe?"

*

Barabara ya Ulu Pinang ilikuwa ya changarawe nyekundu katikati ya michikichi, michikichi, na michikichi tena, mpaka Jaidin akaanza kupiga miayo kwa sauti. Malori yaliyojaa mikungu yaliwapita na kuwamwagia vumbi. Mara mbili walivuka vijito juu ya magogo, na pembeni mwa kila kimoja alama za maji zilionyesha mvua ikija yanapanda mpaka wapi.

Nyumba ilikuwa ya mbao, juu ya nguzo, mwisho wa kijiji kinachopakana na kambi ya wafanyakazi wa shamba. Mwanamke wa kilemba cha kijani alikuwa ameketi kwenye ngazi anachambua mchicha. Alipoona gari la polisi hakusimama wala hakukimbia. Aliendelea kuchambua.

"Wewe ndiye Bi Rosinah, mke wa Masrin Gampar?"

"Ndiye."

"Tumemtafuta mumeo hospitali."

"Ameingia kazini."

"Ametoka hospitali bila kupasuliwa akaenda kuvuna michikichi?"

"Sisi watu wa shamba, mama. Hatuna likizo."

"Niitie, basi. Nitangoja." Dorothea alikaa ngazi ya chini yake, magoti yakilalamika. Akachukua shina la mchicha, akaanza kusaidia kuchambua. Walichambua kwa muda. Kuku alipita. "Meno yake ya bandia, yale ya juu, yalimkaa vizuri? Mama yangu yake yalikuwa yanamdondoka kila akicheka."

"Alikuwa hayapendi. Alikuwa anayavua akifika tu nyumb—" Bi Rosinah akanyamaza. "Anayavua," akasema. "Huyavua."

Mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya ungo.

"Mama," Dorothea alisema kwa sauti ya chini, "Masrin alikufa lini?"

Jaidin, aliyekuwa amesimama karibu na gari, aligeukia upande wa pili, akajifanya anaangalia tairi.

"Msimu wa mvua uliopita," alisema Bi Rosinah. Alisema kwa urahisi, kama mtu anayetua mzigo kwa sababu tu mikono imekwisha nguvu. "Ngiri ilimkaza asubuhi, amekaa hapo ulipokaa wewe. Ikawa ngumu, akaanza kutapika. Maji yalikuwa yamefunika magogo, gari halipiti. Rafiki yake alimpakia mgongoni akaingia naye mtoni. Walifanya kazi pamoja tangu ujana, kupakia mikungu. Ngiri walizipata pamoja. Wakitaniana, kila mmoja anasema yake ndiyo kubwa. Alimvusha. Akatembea naye upande wa pili. Masrin alifia mgongoni mwake."

"Hukuandikisha kifo."

"Tulimzika siku ile ile. Nikasema nitakwenda mjini kesho. Kesho nikasema kesho. Ofisi ile wanataka ulete kitambulisho chake, wanakikata kona. Sikutaka kikatwe."

"Halafu hospitali wakapiga simu."

Bi Rosinah aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Unajua miaka ile miwili kila simu ikilia alikuwa anaruka? Hata akiwa anakula. Anasema, 'Hao, hao, wamenikumbuka.' Mara mbili wakamwita, tukaenda, tukarudishwa. Kuna ajali, kuna dharura, nendeni nyumbani tutawaita. Basi juzi ikalia. Msichana ana sauti nzuri. Anasema, 'Hapa ni kliniki ya mabingwa, tarehe ya Bwana Masrin imetoka, atakuja?'" Alikung'uta majani kwenye ungo. "Ningesema nini? Nimwambie mmechelewa? Nikasema, 'Atakuja.' Nilipokata simu ndipo nikalia."

"Ukampa rafiki yake."

"Yeye naye inamla vile vile. Na hana karatasi. Wasio na karatasi wanalipishwa bei ya wageni, na hata wangemtibu bure asingeweka mguu, anaogopa kukamatwa mlangoni. Nikajiambia, nafasi hii ni ya Masrin. Aliingoja, akaifia. Ni mali yake. Nampa aliyembeba."

"Ulimuuzia?"

Mwanamke alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nimuuzie nini mtu asiye na kitu?"

Dorothea aliufahamu ukweli huo, na kwa sababu aliufahamu ilimbidi aseme lililobaki.

"Nafasi ya marehemu hairithiwi, mama. Ungewaambia amekufa, wangemwita wa nyuma yake. Yuko mtu mahali fulani, naye ngiri inamvuta, naye ana mke anayeruka simu ikilia."

Bi Rosinah alitazama uwanja mtupu. Hata kuku alikuwa ameondoka.

"Huyo sikumfikiria," alisema.

"Hakuna anayemfikiria. Haonekani." Dorothea aliweka mchicha chini. "Rafiki yake Masrin yuko wapi?"

"Utamfunga."

"Yuko wapi, mama?"

Mwanamke aliuma midomo. Uso wake ulikuwa unapigana na kitu, na Dorothea aliona kwamba si polisi.

"Tangu tulipofika anatapika," alisema Bi Rosinah. "Ni vile vile, dada. Ni kama alivyokuwa Masrin, vile vile."

Dorothea alikuwa amekwisha kusimama.

*

Alikuwa kwenye kibanda cha zana nyuma ya nyumba, amelala kwenye magunia, magoti ameyakunja mpaka kifuani. Mtu wa miaka hamsini hivi, mabega mapana, jasho linamtiririka. Sindano ya hospitali ilikuwa bado mkononi, imezungushiwa kitambaa. Alipoona sare ya Jaidin alijaribu kuinuka, akaanguka tena.

"Jina lako nani?"

"Masrin," alisema mtu yule.

"Acha, Rustang," Bi Rosinah akasema nyuma yao. "Wameshajua. Nimewaambia."

Rustang alifumba macho. "Nisamehe, shemeji. Daktari aliponiuliza damu, ulimi ulinikauka."

"Tunakwenda hospitali," Dorothea alisema.

"Afande, tafadhali. Nitakaa hapa tu. Kule wataniuliza karatasi."

"Kwanza watakuuliza panauma wapi."

"Nimezaliwa pale," alinyanyua kidole kuelekea kambini, "kwenye yale mabanda. Wazazi wangu waliletwa kuja kupanda hii michikichi. Sijawahi kuvuka bahari. Wakinikamata watanipeleka nchi ambako simjui mtu." Maumivu yalimshika, akauma kitambaa cha mkononi mpaka yakapita.

Dorothea alimpigia daktari. Thanabalan alipokea kwa sauti ya mtu anayetembea haraka.

"Uvimbe ni mgumu? Una rangi gani?"

"Mgumu. Umewiva, mwekundu. Jaidin aliugusa kidogo, mgonjwa akapiga ukelele."

"Asiuguse! Mtu yeyote asijaribu kuusukuma ndani. Mlete sasa hivi."

"Chumba cha upasuaji kipo?"

Hatua za daktari zilisikika zikiongeza kasi.

"Kwa hili kipo," daktari alisema. "Kwa hili hakikosi kuwepo. Jana alikuwa mtu wa foleni, inspekta. Sasa ni dharura."

Walimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Bi Rosinah. Jaidin aliendesha kama hajawahi kupiga miayo maishani. Alikuwa akiomba radhi kwa kila shimo. "Samahani, kaka. Hilo nalo. Samahani. Serikali itatengeneza barabara hii, mimi na wewe tukiwa tumeshakuwa mbolea."

"Usimchekeshe," Bi Rosinah alisema.

"Mwache," Rustang akanong'ona. "Masrin alikuwa ananichekesha hivyo hivyo."

Katikati ya njia simu ya Dorothea ililia. Alikuwa Mkuu Fabian.

"Umewapata?"

"Nimempata mgonjwa."

"Na genge?"

"Hakuna genge, mkuu. Kuna mjane."

Pete ya Fabian ilikuwa imegeuka kuwa ya bati. "Mjane naye amevunja sheria," alisema. "Kuficha kifo, kutumia kitambulisho cha marehemu. Na huyo mwingine kwa kujifanya mtu. Walete wote wawili."

"Nawaleta," alijibu Dorothea, na ilikuwa kweli.

*

Mlangoni pa dharura machela ilikuwa inangoja. Karani, kijana mwenye miwani, aliinamia mgonjwa. "Jina?"

Bi Rosinah alimtazama Dorothea. Dorothea alimtazama mgonjwa.

"Rustang," mgonjwa alisema. "Rustang, mwana wa Lamappa. Sina kadi."

Karani aliandika jina. Pale pa kadi alipiga mstari, na machela ikaondoka mbio, magurudumu yakilia.

Dorothea na Bi Rosinah waliifuata mpaka milango ya chumba cha upasuaji, wakazuiwa hapo. Kwenye ukumbi ule ule machela nyingine ilikuwa inarudi nyuma, polepole, inasukumwa na mhudumu mmoja. Juu yake alikuwa mzee mwembamba aliyevaa gauni la wodi, kipara chake kinang'aa, na kando yake bibi anatembea ameshika mfuko wa nguo.

"Nilikuwa wa pili leo, kwa ngiri yangu hii," mzee aliwaambia, kwa kuwa walikuwa wamesimama pale na lazima amwambie mtu. "Wameshaniingiza mpaka mlangoni. Mara wanasema imekuja dharura, rudi nyumbani baba, tutakuita. Tangu jana sijala." Alimtazama Dorothea, sare yake, nyota zake za begani, akadhani ni mtu mwenye uwezo. "Mwanangu, wakisema tutakuita, huwa ni lini?"

Dorothea aliitazama milango ya chumba cha upasuaji.

"Wataita, baba," Bi Rosinah alisema. Alikuwa ameweka mkono kwenye ukingo wa machela ya mzee. Akamgeukia bibi. "Mama, sikiliza. Ikimkaza, ikawa ngumu, akitapika hata mara moja, msingoje simu. Mlete siku hiyo hiyo. Umenisikia? Hata mvua inyeshe."

Bibi alitikisa kichwa kukubali bila kuelewa ukali ule umetoka wapi. Mhudumu akaendelea kusukuma.

Daktari Thanabalan alitoka jua likiwa limeanza kuegemea kwenye madirisha. Alikuwa na alama nyekundu za barakoa mashavuni.

"Utumbo kipande kidogo ulikuwa umekufa. Nimekitoa, nimeunga. Ataishi." Akakaa kwenye benchi karibu yao, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akifanya. "Tungempasua leo asubuhi kwa utulivu, ingekuwa kazi nyepesi, na jioni angekula kama kawaida. Sasa atakaa wiki nzima kitandani, na kitanda hicho nilikuwa nimempangia mwingine." Aligeuka kumtazama Bi Rosinah, na akili yake ilionekana ikitafuta na isipate. "Mumeo, mama. Nilimwona kliniki?"

"Ulimwona. Ulimwambia asinyanyue vizito mpaka mtakapomwita."

"Alinyanyua?"

"Alikuwa mpakiaji, daktari. Angenyanyua nini kingine?"

Daktari aliinamisha kichwa. Muuguzi alipokuja kumwita, akanyanyuka, akaenda.

Jaidin aliwekwa kando ya kitanda cha Rustang kulinda. Pingu alibaki nazo kiunoni. Dorothea hakumwagiza azitoe, naye hakuuliza. Kisha Dorothea alimchukua Bi Rosinah kwenye chumba kidogo cha wauguzi, ambapo Sista Winifreda aliwaachia meza, vikombe viwili vya Milo na mlango wa kufunga. Alitoa karatasi za maelezo, akazilaza mezani, akazinyoosha kwa kiganja.

"Nitakuuliza, utajibu, nitaandika. Mwisho nitakusomea, utatia sahihi."

"Nitafungwa?"

"Sijui. Mwenye kuamua si mimi. Hakimu atataka kujua ulitumia kitambulisho cha marehemu, na ulikitumia. Kesho utakwenda kuandikisha kifo, mimi nitakupeleka. Kitambulisho kitakatwa."

"Na Rustang?"

"Uhamiaji watakuja akipona. Nitawaambia amezaliwa hapa, na nitawatafuta wazee wa shamba wanaokumbuka. Kama itasaidia, sijui."

Bi Rosinah alishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. Hakulia, hakuomba. Nje, mtu alikuwa anaita majina.

"Katika karatasi hiyo," alisema, "utaandika kwamba Masrin amekufa?"

"Lazima."

"Na kwamba alikuwa anangoja?"

"Na hilo pia. Siku aliyokufa, kilichomuua, na muda aliongoja."

"Basi andika hilo kwanza," Bi Rosinah alisema. "Mimi nije baadaye."

Fomu ya polisi haiendi hivyo. Huanza na mshtakiwa, jina lake, umri wake, makazi yake, kisha kosa. Dorothea alijua, alikuwa amejaza fomu hizo maisha yake yote ya kazi. Alifungua kalamu, akaruka nafasi zile za juu zote, akaandika hilo kwanza.